Chora Kwanza, Fungua Baadaye: Kumsaka Mkosaji wa Masafa Yanayohama

Mwenzako akikuambia hewani, "Kaka, unahama, nakufuata kwa RIT tangu tuanze," yaani masafa ya redio yako ya ridhaa yanasogea naye anayakimbiza kwa RIT, kitasa kinachosogeza masafa ya kupokea peke yake, mkono unakimbilia bisibisi. Kifuniko kinatoka, taa inasogezwa, macho yanatafuta kilichoungua. Shida ni kwamba ugonjwa huu hauachi moshi. Kapasita inayohamisha masafa inaonekana safi, maltimita inaipitisha, na redio yenyewe inapokea na kurusha vizuri tu. Ukianza kubadilisha vifaa kwa kukisia utamaliza droo nzima, na kila kifaa kipya unachokiweka karibu na osileta, sakiti inayozalisha masafa ya redio, kinakuja na tabia yake ya joto. Msimamo wangu ni mmoja na siuachi: usishike chuma cha kulehemu kabla hujachora jinsi masafa yanavyohama. Mchoro huo ndio utakaokuonyesha pa kwenda.

Kuhama kiasi gani ni kubaya? Inategemea unachokifanya. Kwenye SSB, mtindo wa kawaida wa mazungumzo ya sauti, ukihama 50 Hz taratibu ndani ya dakika kumi, wengi hawatakushtukia. FT8, mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, haina uvumilivu huo: ujumbe mmoja unachukua sekunde 12.64, na toni zake nane zinaachana kwa 6.25 Hz tu, hivyo redio inayoteleza Hz kadhaa katikati ya ujumbe inaanza kupotea kwenye skrini za watu. WSPR, mtindo wa kurusha ishara dhaifu ili kuona zinafika wapi, ni kali zaidi. Toni zake nne zinaachana kwa karibu 1.46 Hz, na ujumbe mmoja unakaribia dakika mbili. Halafu iko QO-100, transponda (kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena) ya wanaredio wa ridhaa iliyomo ndani ya setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018. Mawimbi yake yanashuka karibu na 10490 MHz, na huko kosa la sehemu moja katika milioni ni zaidi ya 10 kHz. Kosa hilohilo kwenye 14 MHz ni 14 Hz tu. Kipimo hiki cha sehemu katika milioni wanaredio hukiita ppm, nami nitakiita hivyo.

Kuchora ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unahitaji wimbi unaloliamini, na dunia imejaaliwa nayo. Stesheni ya WWV, inayoendeshwa na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, kutoka Fort Collins katika jimbo la Colorado, iko hewani kwenye 2.5, 5, 10, 15 na 20 MHz, na dada yake WWVH iko Hawaii. Kanada ina CHU kwenye 3330, 7850 na 14670 kHz. China ina BPM. Chagua ile inayofika kwako vizuri, weka redio kwenye USB (upande wa juu wa SSB; LSB ni ule wa chini), na usiitege juu ya wimbi lenyewe: shuka 1 kHz chini yake. Kwa stesheni ya 10 MHz, namba kwenye redio isome 9.999. Utasikia toni ya 1000 Hz. Ipeleke kwenye kompyuta, fungua programu yoyote inayochora masafa ya sauti, na uiache iandike. Usihofu kuhusu usahihi wa kadi ya sauti ya kompyuta. Hata ikikosea kwa 100 ppm, kwenye toni ya 1000 Hz hilo ni kosa la 0.1 Hz. Angani nako mawimbi husogezwa kidogo tabaka la ionosfia linapopanda na kushuka, hasa alfajiri na jioni, lakini mara nyingi ni sehemu ya Hz moja. Anayetafuta mamia ya Hz hana haja ya kulijali hilo.

Jambo moja huwachanganya wengi hapa. Kwenye USB, redio ikihama kwenda juu, toni inashuka. Redio imesogea ikalikaribia wimbi, kwa hiyo tofauti kati yao imepungua. Kwenye LSB ni kinyume chake. Andika mwelekeo halisi pembeni ya mchoro tangu mwanzo, kwa sababu baadaye utauhitaji kuchagua kapasita ya kurekebisha, na mwelekeo ukiukosea utaongeza ugonjwa maradufu.

Anza na redio iliyolala usiku kucha ikiwa imezimwa. Iwashe, anza kuchora papo hapo, na usiiguse kwa saa mbili. Ukiweza, bandika kipimajoto kidogo ndani, karibu na osileta, uandike joto kila baada ya dakika tano. Kisha rudia siku nyingine, safari hii ukirusha kwa vipindi.

Sasa soma umbo la mstari.

Mstari ukianguka au kupanda kwa kasi katika dakika chache za mwanzo kisha ukatulia, kinachopata joto ni kitu kidogo kilichomo ndani ya osileta yenyewe: transista, au kapasita inayopitisha mkondo wa RF, yaani wa masafa ya redio, na kujipasha. Vitu vidogo hupata joto haraka na kufika kikomo haraka. Mteremko mrefu unaoendelea saa nzima au zaidi unatoka kwenye bodi na bati zima la redio linalopashwa na transfoma, taa za mbele na regyuleta, kifaa kinachotuliza volti. Mstari unaoruka 30 Hz ghafla, ukakaa, kisha ukarudi ulikotoka, hauhusiani na tabia ya kawaida ya joto. Hapo tafuta mguso mbovu: lehemu iliyopasuka, skrubu ya bodi iliyolegea, ncha chafu ya kusaga chini ya rota ya kapasita ya kuzungusha, au kapasita ya mika ambayo fedha yake imeanza kuhama ndani. Mstari wenye mawimbi yanayojirudia kwa mpangilio unaonyesha feni inayowaka na kuzima, au upepo wa chumbani unaoingia kwenye matundu ya kifuniko. Na mstari ulionyooka unaposikiliza, lakini unaobadilika kila unapobonyeza PTT, kitufe cha kurushia, unakuelekeza kwenye umeme, au kwenye joto la hatua ya mwisho ya kurushia. Hizo mbili zinatenganishwa na kasi: umeme hubadilisha masafa papo hapo, joto huchukua sekunde nyingi au dakika.

Mchoro wa bendi moja hautoshi. Redio nyingi zina osileta zaidi ya moja, na swali la kwanza ni ipi kati yao inayohama. Rudia kipimo kwenye bendi mbili au tatu. Kwenye redio za zamani zenye VFO (osileta inayobadilisha masafa unapozungusha kitasa) ya koili na kapasita, ambayo nyingi zilikuwa karibu na 5 MHz, VFO ileile hutumika kwenye kila bendi, na kristali tofauti ndiyo inayochagua bendi. Kwa hiyo VFO ikihama 200 Hz, utaona 200 Hz kwenye 7 MHz na 200 Hz hizohizo kwenye 28 MHz. Redio ikihama kwenye bendi moja tu na kutulia kwenye nyingine zote, kristali ya bendi hiyo ndiyo ya kuhojiwa. Lakini kama kosa linakua pamoja na masafa, mathalani 14 Hz kwenye bendi ya 7 MHz na 56 Hz kwenye ya 28 MHz, una redio ya sinthesaiza, inayotengeneza masafa yake yote kutoka kristali moja, na kristali hiyo mama ndiyo inayohama, kwa sababu kila kitu kinazidishwa kutoka hapo. Mimi huona kipimo hiki ndicho chenye thamani kuliko vyote, maana kwa kuzungusha swichi ya bendi tu umekwisha kuondoa robo tatu ya redio kwenye orodha ya watuhumiwa bila kufungua skrubu hata moja.

Iko pia BFO, osileta inayosaidia kugeuza mawimbi ya SSB kuwa sauti. Ikihama hiyo, stesheni zote zinabadilika sauti kwa kiasi kilekile kwenye kila bendi, kwa hiyo mchoro wake unafanana na wa VFO. Njia ya kuzitenganisha ni kupima kila moja kwa frikwensimita. Usiunganishe kipimo moja kwa moja kwenye koili ya osileta, kwa sababu waya wa kupimia una uwezo wake wa kapasita na utahamisha masafa unayotaka kuyapima. Chukua mawimbi baada ya bafa, hatua inayoikinga osileta na mzigo, au sogeza kitanzi kidogo cha waya karibu tu.

Kabla ya kuigeukia homa ya joto, maliza kwanza habari ya umeme, kwa kuwa ni rahisi na ni ya haraka. Redio ya wati 100 hula takriban ampea 20 inaporusha, na waya mwembamba au fyuzi yenye mguso mchafu inaweza kuangusha zaidi ya volti nzima njiani. Regyuleta ya ndani inapaswa kuikinga osileta na mabadiliko hayo. Ijaribu: ukiwa unasikiliza tu, shusha na kupandisha umeme wa kuingilia kati ya volti 12 na 14 huku ukiangalia toni. Ikisogea, regyuleta haifanyi kazi yake. Kwenye redio za zamani regyuleta hiyo mara nyingi ni diodi ya zena, na zena zina tabia ya joto: zile za kati ya volti 5 na 6 zimetulia, za volti 9 na zaidi hupanda milivolti kadhaa kwa kila nyuzi ya joto. Milivolti si kitu, utasema. Lakini RIT hufanya kazi kwa diodi ya varikapu, ambayo uwezo wake wa kapasita hufuata volti, na kama volti moja inasogeza masafa 2 kHz, basi milivolti 10 ni 20 Hz. Potenshometa chafu ya RIT nayo ni chanzo cha miruko, kwa hiyo ipulizie dawa ya kusafishia miguso na uizungushe kutoka mwisho hadi mwisho kabla ya kuamini mchoro wowote wenye miruko.

Umeme ukiwa safi na mchoro ukisema VFO, ndipo kifuniko kitoke. Tahadhari ya dhati kwa wenye redio zinazotumia taa za valvu kwenye hatua ya mwisho: humo mna mamia ya volti, na kapasita za pawa hubaki na chaji hata baada ya kuzima. Zitoe chaji na uhakikishe kwa mita kabla ya kuingiza mkono.

Kumtafuta mkosaji kati ya vifaa kumi vya VFO ndiko kazi inakonoga. Wengi hutumia draya ya nywele, lakini draya inapasha eneo zima na haikwambii kitu. Wengine husogeza ncha ya chuma cha kulehemu karibu na kifaa, na hapo mtego upo: ncha ni chuma, mkono wako ni kapasita, na masafa yatasogea kwa ajili ya ukaribu wako kabla joto halijafika. Ukitumia njia hiyo, puuza kinachotokea wakati ncha iko karibu. Iondoe, rudi nyuma, kisha tazama. Mabadiliko ya ukaribu yanafutika mara moja. Mabadiliko ya joto yanabaki, yanarudi polepole kadiri kifaa kinavyopoa.

Njia ninayoipenda mimi ni nyingine. Chukua rezista ndogo ya ohm 47, ilehemu kwenye waya mbili nyembamba ndefu, ifunge kwenye ncha ya kijiti kikavu cha mti. Ukiipa volti 5 inatoa nusu wati ya joto. Ifikishe kwenye kapasita ikiwa baridi, iegemeze, ondoa mikono, subiri mstari utulie. Ukaribu wake umekwisha kuhesabika tayari. Sasa washa volti 5. Chochote kitakachosogea kuanzia hapo ni joto la kifaa kile. Unaona mstari ukikaa kimya sekunde tatu, nne, kisha unaanza kuinama. Unazima, unaendelea kuinama kidogo, halafu unageuka na kupanda kurudi ulikotoka. Ukienda kwa kapasita ya jirani, mstari hautikisiki. Ukienda kwa ya tatu, unaporomoka. Kwa nusu wati ya joto, kifaa kisichoonyesha dosari yoyote kwa macho kimejitaja chenyewe, na mimi sijawahi kuchoka kuitazama hatua hiyo.

Mara nyingi anayejitaja ni kapasita ya seramiki ya aina isiyofaa iliyowekwa na fundi aliyetangulia. Si kila seramiki ni sawa. Zile zinazoitwa NP0, au C0G, zinabadilika kwa ppm 30 au chini yake kwa kila nyuzi ya joto. X7R imeruhusiwa kubadilika hadi asilimia 15 ndani ya kiwango chake cha joto. Hiyo ni kwa kazi ya kuchuja umeme, haina nafasi ndani ya osileta hata kama namba ya pikofaradi inalingana. Polistirini hushuka takriban ppm 120 hadi 150 kwa kila nyuzi, na mafundi wa zamani waliziweka makusudi, kwa sababu koili hupanda. Ukimkuta polistirini kwenye VFO, usimng'oe na kuweka NP0 ukidhani unaboresha. Alikuwa anafuta kosa la koili.

Koili nayo ina mengi. Ikiwa imezungushwa kwenye kiini cha pete cha unga wa chuma, rangi inakwambia tabia yake: aina ya 6, ya njano, hubadilika karibu ppm 35 kwa nyuzi, aina ya 7, nyeupe, karibu 30, aina ya 2, nyekundu, karibu 95. Kwa VFO, nyekundu isiwe chaguo lako ukiwa na nyingine. Waya uwe umekazwa, na koili mpya ipashwe na kupozwa mara kadhaa kabla ya kuwekwa, ili mkazo wa waya ulegee nje ya redio badala ya ndani yake.

Baada ya kuondoa vifaa vibaya, kunabaki mteremko kidogo wa asili, na huo unafutwa kwa hesabu. Tuseme VFO yako ni 5 MHz na inashuka 500 Hz joto la ndani likipanda nyuzi 10. Hiyo ni 50 Hz kwa nyuzi, yaani ppm 10. Masafa hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha koili ukizidisha na kapasita, kwa hiyo ppm 10 za masafa ni ppm 20 za zao hilo. Tuseme pia kapasita zote zinazoiongoza koili jumla yake ni pF 200. Kapasita za N750 hushuka ppm 750 kwa kila nyuzi. Ukitoa pF 5 za NP0 na kuweka pF 5 za N750 mahali pake, zidisha 5 kwa 750, gawanya kwa 200: unapata karibu ppm 19 kwenda chini dhidi ya 20 zilizokuwa zinapanda. Umebaki na ppm moja na kidogo ya zao, nusu ppm na kidogo ya masafa, Hz tatu hivi kwa nyuzi mahali palipokuwa na 50. Kuwa mwangalifu tu kwamba baadhi ya redio hupata masafa yake kwa kutoa ya VFO kwenye masafa mengine ya juu zaidi, hivyo VFO ikipanda, redio inashuka. Mwelekeo wa hesabu hii ni wa VFO yenyewe, si wa namba za mbele.

Hesabu hiyo haiponyi joto la haraka la dakika za mwanzo, kwa sababu kapasita ya kurekebisha inafuata joto la chumba cha VFO wakati transista inafuata joto lake yenyewe. Dawa ya hapo ni kupunguza nguvu ya osileta, na kugawa kapasita moja kubwa kuwa tatu ndogo sambamba ili mkondo usipashe kifaa kimoja. Wapo pia wanaotumia mzunguko wa kudhibiti alioubuni Mholanzi Klaas Spaargaren, PA0KSB, miaka ya 1970, unaoilazimisha VFO ikae kwenye ngazi ndogondogo. Unafanya kazi vizuri. Lakini VFO inayokimbia ovyo itaushinda, kwa hiyo nao ni wa kuweka baada ya matibabu, haukai badala yake.

Kwa redio za kristali na sinthesaiza maneno ni machache. Bodi ndogo za Si5351, chipu ya sinthesaiza, huja na kristali ya 25 au 27 MHz isiyo na fidia ya joto, na kosa la ppm 20 kwenye 14 MHz ni 280 Hz. Ikinge na upepo kwa kipande cha sponji kavu, isogeze mbali na bati la kupoozea la hatua ya mwisho. Hapo tayari utakuwa umepunguza kasi ya kuhama, ingawa si ukubwa wake. Ukubwa unaondolewa na TCXO, osileta za kristali zenye fidia ya joto, ambazo nzuri hukaa ndani ya ppm 0.5. Kwa QO-100 hata hiyo haitoshi kwa raha, maana LNB, kipokezi kinachokaa kwenye dishi, iko nje juani na nusu ppm huko ni karibu 5 kHz, ndiyo sababu wengi huifunga LNB kwenye osileta inayoongozwa na GPS.

Kuhakikisha matengenezo, hakuna hakimu anayeshinda WSPR. Irushe redio usiku kucha kwa nguvu ndogo na asubuhi soma safu ya kuhama kwenye taarifa za waliokusikia, inayoandikwa kwa Hz kwa dakika. Ukiona sifuri zikijipanga kutoka kwa wapokeaji wengi, redio imepona. Ukiona mpokeaji mmoja anaandika -2 wakati wengine wanaandika 0, ni redio yake inayohama, na ujumbe mfupi wa kumwarifu utampendeza. Trima ya kusahihisha masafa iguse mwisho kabisa, redio ikiwa imewaka saa nzima na kifuniko kikiwa kimefungwa, ukipitisha bisibisi ya plastiki kwenye tundu lake. Ukisahihisha redio iliyo wazi, joto lake si lile itakalofanya nalo kazi, na kesho namba zitakuwa zimesogea tena.